Glasi Sita Nyuma ya Pikapu

Hakuwahi kunywa chochote kwenye glasi kabla hajaigonga kwa ukucha wa kidole cha kati na kuisikiliza. Iwe chai, iwe maji ya kumezea dawa, iwe soda aliyoletewa harusini mbele ya wakwe, aliinamisha kichwa upande, akagonga, ting, kisha akangoja mlio uishe wenyewe. Mlio ukiwa mrefu, alikunywa. Ukikatika, aliirudisha glasi kwa aliyempa na kumwambia taratibu, kama daktari anayetoa majibu ya vipimo, "Hii ina ufa. Huuoni, lakini upo." Na ukiipeleka glasi ile penye mwanga, ukaizungusha, uliuona.

Watu walimwita Bi Kioo. Alikata na kuuza vioo vya madirisha kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye duka la milango miwili lililobanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Alilianzisha pamoja na mumewe, na mumewe alipofariki aliendelea nalo kana kwamba mwenzake ametoka kidogo kununua misumari. Katikati ya duka palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu. Vioo vilisimama ukutani vimeegemeana kama vitabu kwenye rafu. Almasi ya kukatia aliifunga kwa uzi, ikaning'inia shingoni mwake mahali ambapo wanawake wengine huvaa mkufu. Mtu akiingia mle ndani alijiona mara saba au nane kabla hajasalimiwa.

Aliwapima watu kwa milimita. Kinyozi wa jirani, ambaye nyimbo za redioni zilimtoa machozi huku ameshika wembe, alikuwa milimita tatu, kioo chembamba kuliko vyote dukani, cha kuwekea picha tu. Mdogo wake wa kiume, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa milimita kumi. "Na juu ya hapo," aliongeza dada mtu, "hapitishi mwanga." Bintiye wa pekee, mwalimu wa fizikia mwenye miaka arobaini na mitatu, alikuwa milimita nne. "Unapendeza ukutani, mwanangu, ila mtu asikuegemee." Yeye mwenyewe alikuwa sita. Sita ni ya kazi.

Binti alizoea. Mama yake alimwita Mwalimu hata wakiwa wawili tu jikoni, na yeye hakujua kama ni heshima au mzaha. Kwa kawaida vilikuwa vyote viwili.

Kwa miaka kumi na tisa vioo vya duka lile vilisafiri kwenye pikapu moja iliyoitwa Kikohozi. Springi zake zilikuwa zimechoka, zimelegea kama godoro la nyumba ya wageni, na Bi Kioo aliamini kwamba gari lolote jema ndivyo linavyotakiwa kuwa. Nyuma kulikuwa na kichanja cha mbao chenye mgongo wa mteremko, kimevishwa mablanketi, na vioo vilisimamishwa hapo, kamwe havikulazwa. "Kioo kikilala kinaanza kuwaza," alisema, "na kikiwaza sana kinapasuka."

Kikohozi ilikata roho siku ya Jumanne mbele ya posta, katika juma baya kuliko yote. Siku mbili kabla ya hapo Bi Kioo alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa: madirisha ya wodi mpya ya hospitali, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Vioo arobaini vya milimita sita. Wodi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, na mkandarasi alikuwa amekodi winchi ya kupandishia mizigo kwa siku moja tu, Jumatano ya juma lililofuata. Vioo vyote vifike siku hiyo, kwa safari moja. Asiyeweza aseme mapema, kazi apewe mwingine.

Jumanne hiyohiyo jioni, binti alimchukua mama yake nyumbani kwake akamwonyesha chumba.

Alikuwa amekiandaa kwa miezi miwili bila kusema. Kitanda kipya, redio ndogo, pazia la rangi ya maziwa, kiti chenye mto, na dirisha linaloangalia uani penye mpera. Mwanawe mwenyewe alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia kwenda kusoma mbali, na tangu hapo nyumba ilikuwa kimya. Jioni alikuwa akisahihisha madaftari mezani na kusikia saa ya ukutani ikihesabu, na siku nyingine alisoma majibu ya wanafunzi kwa sauti, apate tu kusikia mtu akizungumza mle ndani.

"Mama, una miaka sitini na mitatu," alisema. "Gari limekufa. Si lazima ununue jingine. Waachie kazi hiyo wenye malori. Uje ukae hapa, upumzike."

Bi Kioo alikizunguka chumba pole pole. Aliminya godoro. Aliwasha redio, akaizima. Kisha akafika dirishani, na binti akajua amekwisha. Ukucha uligonga kioo, ting.

"Milimita tatu," alisema mama.

Binti alinyoosha pazia.

"Nani amekukatia?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Duka la vioo liko kwenye ukoo huu tangu ukiwa shule ya msingi. Nani amekukatia milimita tatu, akaibandika kwa paati, udongo wa vioo, iliyojaa alama za vidole kama donge la mkate?"

"Yule wa sokoni. Nilitaka iwe siri."

"Siri imefaulu," alisema Bi Kioo. "Hata kioo chenyewe kinaona aibu." Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti chenye mto, kisha akainuka upesi kama aliyekalia pini. "Haya, Mwalimu, tupatane. Nitanunua gari. Nikiifikisha kazi ya hospitali kwa gari langu mwenyewe, siku moja, safari moja, usinitajie tena habari ya kupumzika. Nikishindwa, nafunga duka, nahamia humu. Na kioo chako hiki nitakivumilia."

Wakapeana mikono kama wafanyabiashara.

Yadi ya magari ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Alhamisi alasiri walikwenda watatu, mama, binti na mjomba. Muuzaji alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa ambaye alifuta vumbi kila kitu alichokigusa. Aliwaonyesha pikapu mbili nyeupe zilizofanana kama pacha. Ukizitazama usoni hukujua ipi ni ipi. Tofauti ilikuwa chini, nyuma.

"Hii, mama, ni ya kawaida," alisema. "Viti laini, mwendo wa kistaarabu, unakwenda nayo hata harusini. Hii nyingine ni ya mzigo. Ekseli nene, breki kubwa, na springi, hebu chungulia, ile ina vyuma vinne, hii ina saba."

"Saba!" alisema mjomba, tayari amepiga magoti. Sauti yake ilitoka chini ya gari. "Dada, usitazame pembeni. Chukua hii. Hili ni gari, lile ni sofa."

"Ninyi wawili mnazungumza habari za chuma," alisema Bi Kioo. "Mimi sibebi chuma."

Akafungua kikapu chake. Alikuwa amekuja na glasi sita za chai, sinia na chupa kubwa ya maji. Alizigonga glasi moja moja, akaridhika, akazipanga juu ya sinia, akazijaza mpaka zikabaki upana wa kidole kufika ukingoni. Sinia akaliweka nyuma ya pikapu ya kawaida, kwenye bodi tupu, juu ya blanketi lililokunjwa.

"Zunguka na kituo cha mafuta, Mwalimu. Upite kwenye yale matuta mawili. Mwendo wa kawaida, usinibembeleze."

Binti akaendesha. Mama yake alikaa pembeni, amegeuka, sikio kwenye kioo cha nyuma. Matuta yalikuja, pikapu ikapanda ikashuka kama mtu anayehema usingizini. Waliporudi, sinia lilikuwa limelowa kidogo. Glasi sita zilisimama.

Ikafuata ya mzigo. Tuta la kwanza, nyuma iliruka kama punda aliyepigwa. Tuta la pili, walisikia. Waliporudi yadini glasi mbili zilikuwa vipande, na nyingine imejiviringisha kwenye kona ya bodi.

"Basi," alisema Bi Kioo. "Zimesema."

"Zimesema nini?" Mjomba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Dada, gari la mzigo halipimwi tupu! Nimeendesha malori miaka ishirini na sita. Lori tupu linakurusha kama chapati, ulipakie uone linavyotulia!"

"Na miaka ishirini na sita umekuwa ukiniambia mambo. Uliniambia Kikohozi itakufa mwaka wa kwanza."

"Lakini imekufa!"

"Baada ya miaka kumi na tisa." Bi Kioo alimgeukia bintiye. "Wewe ndiye uliyesoma haya. Mjomba wako anasema kweli, au ni maneno yake ya siku zote?"

Binti alijua. Kila mwaka, muhula wa pili, alilifundisha somo hilohilo, akiwa na springi mbili na mawe ya mizani juu ya meza ya maabara. Springi ngumu bila uzito haina utulivu. Ipe uzito unaoistahili, itatulia. Alijua pia kwamba vioo arobaini vya milimita sita ni zaidi ya kilo mia saba, ukiongeza kichanja na watu, na kwamba ile ya vyuma vinne ingekaa chini nusu ya njia. Angeweza kulieleza kwa sentensi mbili. Lakini akili yake ilikuwa imeshatangulia nyumbani, kwenye pazia la rangi ya maziwa, na aliona mtu amekaa kwenye kile kiti, redio inalia.

"Glasi zimeshasema, mama," alijibu.

Mjomba alimtazama mpwa wake, akatikisa kichwa, akaenda kusimama kivulini. Bi Kioo akampa muuzaji neno lake kwamba anachukua ya kawaida. Angekuja na fedha na karatasi zote Jumamosi asubuhi.

Binti alirudi nyumbani akiimba. Wimbo ulidumu mpaka alipofika kuweka sufuria jikoni.

Ijumaa jioni, baada ya vipindi, alipita dukani. Mama yake alikuwa peke yake mezani. Amekwisha kata vioo thelathini na viwili. Kichanja kilikuwa kimeletwa ndani, amekibadilishia mablanketi na kukiongezea mbao mbili, amepiga randa, amepaka sandarusi ya kung'arisha, kazi nzuri kuliko ilivyostahili. Katika muda wa siku tatu mwanamke yule alikuwa amerudi umri wa miaka arobaini.

"Kaa," alisema bila kugeuka. "Nakagua wagonjwa."

Zilikuwa glasi nne za jana, zilizosalia. Akagonga ya kwanza, ting, mlio mrefu. Ya pili, mrefu. Ya tatu, mrefu. Ya nne ikatoa sauti fupi, nzito, kama kokoto inapoangushwa kwenye udongo. Bi Kioo aliirudia, akaiweka kando.

"Ilikuwa imesimama vizuri kabisa," alisema. "Ungeapa nzima. Unajua, Mwalimu, kuvunjika si tatizo. Iliyovunjika unaiona, unafagia. Hii iliyonyamaza ndiyo itamkata mtu mdomo."

Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa anazungumza habari za glasi, kama siku zote. Lakini binti alihisi ukucha umemgonga yeye, katikati ya kifua, na alisikia mwenyewe alivyotoa sauti fupi.

"Mama. Mjomba alisema kweli."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu gari. La mzigo halipimwi tupu. Ukilipakia linatulia. Na lile la kawaida haliwezi vioo arobaini. Labda ishirini. Nilijua pale pale."

Bi Kioo aliweka kitambaa chini. Alimtazama bintiye, si kwa hasira, bali kama anayetazama kioo akitafuta upande uliopinda.

"Ungeniacha nipakie?"

"Ningekuambia kabla."

"Lini? Nikishafunga kamba?"

Binti alikiokota kile kitambaa, akakikunja.

"Na ule mlima wa kabla ya hospitali? Nyuma imekaa, mbele iko juu, usukani hauna uzito?"

"Ningekuambia," alisema binti, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi. "Nilitaka tu ushindwe kidogo. Si kwa hatari. Kidogo, uhamie."

Mlango wa pili, kinyozi alikuwa amewasha redio, na tayari mtu alikuwa anaomba wimbo wa huzuni.

"Chumba kile," alisema Bi Kioo hatimaye, "kina kiti kimoja. Niliona. Mtu anayemwandalia mama yake mapumziko angeweka kiti kimoja. Lakini jikoni kwako umeweka vikombe viwili juu ya meza, na unaishi peke yako. Nani anahitaji kutunzwa katika habari hii, mimi au wewe?"

Binti alicheka na machozi yakamtoka papo hapo, jambo ambalo lilimuudhi sana.

"Milimita nne," alisema mama yake. "Nilisema mimi. Haya, futa uso. Kesho tunarudi yadini. Na kwa kuwa umenidanganya mbele ya mjomba wako, kesho hukai mbele."

"Nitakaa wapi?"

"Nyuma. Na glasi."

Jumamosi saa nne asubuhi muuzaji wa magari aliona mkokoteni ukiingia yadini kwake na magunia kumi na matano ya mchanga, ukisukumwa na vijana wanne, wakiongozwa na mzee wa malori aliyevaa kofia ya siku kuu.

"Mama," alisema, viatu vikimeta, "huu mchanga ni wa nini?"

"Wa kuendea harusini," alisema Bi Kioo. "Pakia kwanza hii ya kawaida."

"Bodi litachafuka!"

"Nikinunua gari lako nitalichafua kila siku. Anza kuzoea."

Magunia yalipofika tisa, pikapu ya kawaida ilianza kukaa. Yalipofika kumi na mawili, pua ilikuwa juu na taa zinatazama mapaa ya nyumba. Muuzaji mwenyewe aliomba wasiongeze. Mjomba alizunguka gari lile mikono nyuma kama mganga mkuu. "Sofa," alisema. "Nilisema ni sofa."

Wakahamisha mchanga kwenye ile ya mzigo, magunia yote kumi na matano, huku mjomba akihesabu kwa sauti ya mnada. Vile vyuma saba vilishuka kidogo, vikashika, vikakaa. Glasi tatu nzima zilijazwa maji, na nyingine tatu mpya pamoja nazo, zikapangwa kwenye sinia. Na mwalimu wa fizikia mwenye shahada, amevaa sketi yake ya Jumamosi, alipandishwa nyuma, akakalia gunia la mchanga, akaambiwa azitazame glasi na asiziguse hata zikimwomba.

Safari hii aliendesha mama. Hakuzunguka kituo cha mafuta tu. Alitoka barabarani, akapita sokoni, akapita mbele ya shule.

"Mama, si huku!" binti alipiga kioo cha nyuma.

Bi Kioo alipiga honi.

Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wanatoka masomo ya ziada. Walimwona mwalimu wao akipita juu ya mchanga kama malkia, mbele yake sinia la maji. Kwa sekunde nzima hakuna aliyeamini.

"Shikamoo, Mwalimu!" kundi zima likalipuka.

"Marahaba," alijibu binti, kwa sauti ya darasani, maana hakuna sauti nyingine iliyomjia.

"Mwalimu, unapelekwa wapi?"

"Mazoezi kwa vitendo!" alisema. "Somo la springi! Jumatatu nitauliza!"

Lilikuja tuta. Gari lilipanda likashuka kwa uzito na subira, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Maji yalitetemeka kwenye glasi sita, yakafanya duara ndogo ndogo, yakatulia. Tone moja halikumwagika. Binti alikaa pale, vumbi usoni, upepo kwenye nywele, akatazama mgongo wa mama yake kupitia kioo, ule mgongo ulionyooka kila ulipokuwa na kazi. Alikumbuka likizo ile moja ambayo walimlazimisha mama akae nyumbani: alivunja sahani mbili, akagombana na kinyozi, akabomoa kabati lisilokuwa na kosa. Alipopata kazi ya kwanza baada ya hapo, alilala usingizi wa mtoto.

Yadini, mama aliteremka, akaja nyuma, akahesabu glasi.

"Sita," alisema. "Na abiria mzima. Mdogo wangu, njoo nikuombe radhi mbele ya watu."

"Sema kwa nguvu," alisema mjomba.

"Ulisema kweli."

"Kwa nguvu, dada, nimekaa na mainjini miaka mingi, sisikii vizuri."

"ULISEMA KWELI. Mara moja katika miaka sitini."

Mjomba alivua kofia akainama kwa muuzaji, kwa pikapu zote mbili, na kwa watu watatu waliokuwa wanajaza mafuta.

Jumatano, vioo arobaini na kimoja viliondoka mjini vimesimama. Kimoja cha ziada hakikuandikwa popote. Bi Kioo alikata cha ziada kwa kila kazi, tangu enzi za mumewe, na kukiita cha mgeni. Binti aliomba ruhusa shuleni akaenda naye. Walipanda ule mlima wa mwisho kwa gia ya pili, na kwa muda wa dakika nane mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza nyuma. Walifika saa tano. Winchi ilipandisha vioo vinne vinne. Saa tisa alasiri fundi mmoja wa pale aliegemeza ngazi mahali pasipostahili, kioo kimoja kikavunjika. Watu wote wakaganda. "Mgeni amefika," alisema Bi Kioo, akaenda kukileta cha ziada.

Jua lilipokuwa linashuka wodi ilikuwa na madirisha arobaini, na ndani yake vitanda vitupu vikingoja. Akatembea kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho, akagonga kila moja. Manesi waliomtazama walidhani ana wazimu kidogo. Mara arobaini, ting.

Wakati wa kurudi ndipo shida nyingine ilipojitokeza. Gari lilikuwa tupu, na liliwarusha njia nzima mpaka meno yakagongana. Kesho yake Bi Kioo aliagiza magunia manne ya mchanga. Tangu hapo, kila gari lilipotoka bila mzigo, mchanga ulitangulia kupandishwa.

Binti hakutaja tena habari ya kupumzika. Kile chumba kiliwekwa meza ya kusahihishia, na kioo cha dirishani kiling'olewa kikawekwa cha milimita tano, na mkataji aliyekubalika. Jumamosi zake zikawa za dukani. Alijifunza kukata mistari minyoofu, hakujifunza kukata duara. Alikuwa dereva, mbebaji na mwandika vipimo, na alipokuwa kwenye pikapu ile, vioo vimesimama nyuma na mama yake pembeni anatukana madirisha ya watu, aliona kwamba juma zima hakusikia saa ya ukutani. Jambo hili hakumwambia mtu. Mama yake alilijua, maana siku moja, katikati ya foleni ya magari, alimgonga binti begani kwa ukucha, akainamisha kichwa upande, akasema, "Tano sasa. Tano unusu, siku ukila vizuri."

Ilidumu hivyo miaka minane.

Asubuhi ya mwisho haikuwa na makeke. Moyo wa Bi Kioo ulikuwa umemsumbua tangu mvua zianze, na daktari alisema aletwe alazwe, atazamwe. Alivaa gauni lake la buluu, akavua almasi shingoni, akaitundika kwenye msumari ukutani, karibu na mlango wa duka, mahali ambapo mtu yeyote angeiona. Aliletewa maji ya dawa. Akaigonga glasi, akasikiliza mpaka mwisho, akanywa.

Binti aliwasha gari upesi. Alifungua mlango wa abiria, akaweka mto, akaweka shali, akarudi ndani kuchukua begi, akalisahau, akarudi tena. Mama yake alikuwa amesimama kando ya pikapu, ameegemea bodi, anachungulia nyuma kwenye bodi tupu kama mteja asiyeridhika.

"Mama, panda, tunachelewa. Unatafuta nini?"

Bi Kioo alimwangalia bintiye, akagonga bati la gari kwa ukucha.

"Pakia mchanga kwanza, Mwalimu," alisema. "Leo milimita tatu ni mimi."